Barua kwa Shangazi kuhusu boksi la dawa lililotoka Maskati

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimepata habari kwamba boksi la vidonge alilolituma Baba Mdogo kutoka Maskati limekwisha kufika Muheza, na kwamba unakusudia kuanza kuvitumia pindi warfarini yako, dawa ya kuzuia damu isigande, itakapokwisha Jumapili. Tulianza kulizungumza kwa simu, mtandao ukakatika kabla sijamaliza, na jambo lenyewe halifai kuachwa nusu. Naandika hadharani kwa kuwa katika duka la dawa ninakofanya kazi haupiti mwezi bila mtu kuniuliza swali hilihili lako: kwa nini yeye apewe dawa ya zamani, inayomlazimu kupima damu kila mara, ilhali nduguye aliye ughaibuni anameza kidonge kipya na kuendelea na shughuli zake?

Swali hilo ni la haki, na jibu lake limo katika chanzo cha ugonjwa. Wewe na Baba Mdogo nyote mna mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, hali ambayo madaktari huiita AF, ambapo vyumba vya juu vya moyo hutetema badala ya kusukuma damu sawasawa. Damu ikituama humo huganda, na bonge likichomoka likafika kwenye ubongo huleta kiharusi. Lakini kwake yeye hali hiyo imetokana na shinikizo la damu na umri. Kwako wewe ilianza utotoni, kwa maumivu ya koo ambayo hakuna aliyeyatilia maanani, yakafuatiwa na homa ya rumatiki iliyoacha makovu kwenye vali ya mitrali, yaani mlango ulio kati ya chumba cha juu na cha chini upande wa kushoto wa moyo. Mlango huo umekuwa mwembamba, na damu hurundikana nyuma yake. Watafiti wa Framingham, Marekani, walieleza mwaka 1978 kwamba AF isiyohusiana na rumatiki huongeza hatari ya kiharusi zaidi ya mara 5, na ile inayotokana na rumatiki huiongeza zaidi ya mara 17. Kwa hiyo jina la ugonjwa ni moja, lakini hatari yenu hailingani hata kidogo.

Kidonge alichokutumia kinaitwa rivaroksabani, nacho pia huzuia damu isigande. Ni dawa nzuri, na kwa Baba Mdogo ni chaguo sahihi kabisa. Utafiti mkubwa uliokipa sifa, uliotangazwa mwaka 2011, ulihusisha wagonjwa wa AF zaidi ya 14,000, lakini watu wenye vali ya mitrali iliyosinyaa kwa kiasi kikubwa hawakuruhusiwa kuingia. Ndivyo ilivyokuwa hata kwa dawa nyingine mpya za kundi hilo. Maana yake ni kwamba kwa miaka mingi sifa zote tulizozisikia zilikuwa za watu wenye moyo kama wa Baba Mdogo, na mtu kama wewe hakuwamo katika hesabu. Jambo hilo liliniuma nilipolielewa, kwa sababu homa ya rumatiki ni ugonjwa wa watu wa kwetu.

Hatimaye swali lilielekezwa kwa wagonjwa kama wewe. Utafiti uitwao INVICTUS uliwaandikisha wagonjwa zaidi ya 4,500 wenye AF itokanayo na rumatiki, katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini na ya Kati. Umri wao wa wastani ulikuwa miaka 50 na ushei, na takribani 7 katika kila 10 walikuwa wanawake. Nusu walipewa rivaroksabani, na nusu wakapewa dawa za jamii ya warfarini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022. Katika kundi la rivaroksabani, watu 560 kati ya 2,275 walipatwa na kiharusi, au bonge la damu mahali pengine mwilini, au shambulio la moyo, au walikufa kwa ugonjwa wa moyo na mishipa au kwa sababu isiyojulikana. Katika kundi la dawa za zamani waliopatwa na hayo walikuwa 446 kati ya 2,256. Vifo vilikuwa vichache zaidi upande wa dawa za zamani, na kutokwa na damu kwingi hakukutofautiana sana kati ya makundi hayo mawili. Wengi walitarajia dawa mpya ilingane na ya zamani au iishinde, haikuwa hivyo.

Kwa hiyo, Shangazi, daktari anapokuandikia warfarini hakupi makombo ya matajiri. Anakupa dawa ambayo kwa moyo kama wako imeonekana kuwa bora.

Najua pia kwamba jirani alikuambia warfarini ni sumu ya panya. Hakusema uongo. Asili yake ni ng'ombe wa Marekani na Kanada waliokuwa wakivuja damu hadi kufa baada ya kula majani yaliyooza, na wanakemia wa Wisconsin wakagundua kilichokuwa kikiwaua. Warfarini iliuzwa kwanza kwa ajili ya panya mwaka 1948, na mwaka 1954 ikaidhinishwa kwa binadamu. Kinachotenganisha sumu na dawa hapa ni kiasi, na ndiyo maana unapimwa INR, kipimo kinachoonyesha damu yako inachukua muda gani kuganda. Ikiwa chini ya 2, damu yako inaganda upesi mno. Ikizidi 3, hatari ya kuvuja damu inapanda.

Uliniuliza vilevile kwa nini hawaurudishi tu moyo kwenye mapigo yake ya kawaida ili dawa hii uachane nayo. Kuna wagonjwa wanaofaidika na tiba ya kurekebisha mapigo, hasa ikianza mapema. Lakini katika utafiti wa AFFIRM wa mwaka 2002, uliowafuatilia wagonjwa 4,060, kurekebisha mapigo hakukuwaongezea watu uhai kuliko kuyapunguza kasi tu, na viharusi vingi katika makundi yote mawili viliwapata walioacha warfarini au ambao INR yao ilikuwa imeshuka. Hicho ndicho ninachokiogopa kwako kuliko kitu kingine chochote: siku kadhaa za katikati ambazo damu yako haina kinga ya kutosha.

Adha yako naifahamu. Kutoka Muheza kwenda mjini Tanga kupimwa damu ni nauli na siku nzima, na wala sitakuambia kwamba ni jambo dogo. Lakini baadhi ya vipimo vya ziada tunaweza kuviepuka. Mchicha, kisamvu na matembele usiviache, kwa kuwa kinachoivuruga INR ni kuvila kwa wingi wiki hii na kuvikosa kabisa wiki ijayo. Kinachonitisha zaidi ni dawa za kununua dukani. Mwaka jana INR yako ilifika 4.8 baada ya kutumia metronidazo, ile ambayo wengi huiita Flagyl, kwa ajili ya tumbo. Septrini nayo hufanya vivyo hivyo, na diklofenaki ya maumivu ya magoti inaweza kukutoa damu tumboni bila wewe kujua. Kabla ya kumeza chochote, dawa za miti shamba zikiwamo, nipigie, hata iwe usiku. Ukiona choo cheusi kama lami, au fizi zikitoka damu bila kukoma, usinisubiri mimi, nenda hospitali.

Naja Jumamosi kwa basi la alfajiri. Boksi liache kama lilivyo, usivichanganye vidonge hivyo na warfarini hata kimoja, na jioni umeze kipimo kilekile kilichoandikwa kwenye kadi. Baba Mdogo nitazungumza naye mimi mwenyewe, kwa maana alituma kwa mapenzi na sitaki ajihisi amekosea. Jumatatu asubuhi tutakwenda kliniki pamoja, na boksi hilo tutalichukua, ili daktari wako alione na wewe umuulize mwenyewe.

Mwanao akupendaye.