Habari za Mwalimu Wetu wa Maua

Chumbageni, Tanga
Jumapili

Sahibu yangu mpendwa,

Baada ya salamu na kukujulia hali wewe na watoto, barua yako niliipata, na swali lako, kwamba mwalimu wetu wa kilimo cha bustani anafanya nini siku hizi, nitalijibu kwa kirefu, kwa kuwa juzi nilishinda kwake tangu asubuhi hadi magharibi. Amestaafu uprofesa, lakini usidhani amepumzika.

Baraza yake imejaa vyungu vya lile ua dogo la zambarau la Usambara, ambalo Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya hapa Tanga enzi za Wajerumani, alilipeleka kwao, na mwaka 1893 Hermann Wendland akaliita Saintpaulia. Mwaka 2015 wataalamu walilihamishia katika jenasi, yaani kundi la mimea ya jamaa moja, iitwayo Streptocarpus, jambo ambalo Mwalimu halipingi, ila vibao vya vyungu vyake bado vina jina la zamani.

Unakumbuka tulivyodhani kwamba kuchora ni starehe yake ya jioni tu? Aliniambia kuwa alilichunguza ua hilo miaka mingi, akipima majani na kuhesabu mbegu, asione kilichokuwa mbele ya macho yake mpaka siku alipoketi kulichora: kile kijiti chembamba cha katikati, kinachopokea chavua, hakisimami wima, bali katika ua moja hupinda kushoto na katika jingine kulia, kikivikwepa vile vifuko viwili vya njano vya chavua. Mkono ulikwisha kukichora kulia kwa mazoea, jicho likaukatalia. Baadaye alikuta wenzake walikwisha kuyaandika hayo, akacheka sana. Hata hivyo karatasi ile, pamoja na penseli yake iliyofutwafutwa, ameitia fremu.

Kupamba kwa maua ndiko alikoanzia, kabla ya shahada yoyote, alipokuwa akitunga vikuba, yaani vishada vya maua ya kunukia vya kuvaliwa kifuani, na bibi yake mkekani. Asumini huchumwa alasiri zikiwa bado matumba, zikafungwa pamoja na mrehani na mkadi, ili zichanue usiku kifuani mwa mvaaji. Mtungaji akichelewa, harufu humwishia yeye mikononi. Lile somo lake la kuvuna maua kwa saa ya ua, si kwa saa ya mnunuzi, lilitoka kwenye mkeka huo. (Maua ya plastiki yaliyojaa kumbini siku hizi Mwalimu hayasemi kwa neno lolote, hunyamaza, nawe unakijua kimya chake.)

Amekutumia jani moja pamoja na kikonyo chake, nami nimelifunga kwa pamba iliyoloweshwa ndani ya kikopo. Chomeka kikonyo katika mchanga mnyevu, mahali pasipopigwa na jua kali, na baada ya wiki kadhaa utaona vichipukizi vikitokeza chini yake. Majani usiyamwagie maji ya baridi, kwani yatafanya mabaka. Weka maji katika kisahani, mmea uyanywe kutoka chini. Likichanua, niandikie kijiti chake kimepinda upande gani, maana Mwalimu ameniagiza nikuulize.

Wasalaam,
Sahibu yako wa Chumbageni