Barua ya Wazi: Mheshimiwa, Saa 744 Zetu Zimekwenda na Maji

Kwa Mheshimiwa mkurugenzi wa fungu la utafiti wa nishati,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta na afya njema. Mimi ni mwalimu wa kemia hapa Amu, kisiwani Lamu, Kenya. Nimekuandikia mara nne kwa bahasha kuhusu fungu na maabara uliyotuahidi, sikujibiwa. Leo nakuandikia hadharani.

Usiku wa Jumanne stima ilipotea kisiwani, ikarudi Ijumaa alasiri. Majirani zangu wavuvi walitupa changu na kamba kwa kuishiwa barafu. Mimi nilipoteza siku 31. Kwenye beseni la maji moto la maabara yetu kulikuwa na chupa 12 za plastiki, na ndani ya kila chupa kipande cha utando wa polima (namna ya plastiki) wa seli za mafuta, tulioumimina wenyewe juu ya kioo, kimelowekwa katika potasiamu haidroksidi, alkali kali, kwa nyuzi 80. Tulitaka vikae saa 1,000, tuone kama vitahimili. Tulikuwa tumefika saa 744. Beseni likapoa, na kipimo kilichokatika njiani hakuna mtaalamu atakayekikubali.

Ulipotutembelea ulitikisa kichwa kuwa umeelewa, lakini acha nikukumbushe. Seli ya mafuta hugeuza hidrojeni na hewa kuwa umeme, na taka yake ni maji. Zile za asidi zinataka platini, madini ghali mno. Za alkali huridhika na nikeli au madini ya fedha. Mwingereza Francis Bacon alionyesha mtambo wa kilowati 5 mwaka 1959, na vyombo vya Apollo vikapata umeme kwa seli za namna hiyo. Ila ndani yake mlikuwa na alkali ya majimaji, na kabonidayoksaidi ya hewani ikiigusa huzaa chumvi inayoziba vitundu vya elektrodi, yaani ncha zinazopitisha umeme. Ndiyo maana tunatafuta utando mahali pa majimaji. Na hapo kikulacho ki nguoni mwako: ioni za haidroksidi, chembe za alkali zenye chaji, ambazo utando unapaswa kuzipitisha ndizo zinazoutafuna, hasa joto likizidi na maji yakipungua. Kipande tulichokitoa wiki ya tatu kilikuwa kimegeuka rangi ya chai. Nilipokikunja kwa koleo, kikavunjika kama gamba la samaki aliyeanikwa.

Watu wa Amu tuliukataa mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliopangwa kujengwa kwetu, na Juni 2019 jopo la rufaa za mazingira likafuta leseni ya mtambo ule. Tukaulizwa, mnataka nini basi? Tunataka jua la mchana lihifadhiwe kama hidrojeni, usiku lituwashie taa na majokofu, bila mapipa ya dizeli kuvushwa kwa boti.

Ulikunywa madafu yetu, ukasimama mbele ya wanafunzi ukasema, "Nipeni miezi mitatu." Huu ni mwezi wa 19, Mheshimiwa. Labda faili limekaliwa na mtu asiyejua utando ni nini. Labda Amu ni mbali. Mimi potasiamu haidroksidi naiagiza kwa mshahara wangu, na mke wangu ameacha hata kuniuliza ada ya watoto imekwenda wapi.

Fungu zima kama haliwezekani, acha. Maabara mpya uliyoiahidi, acha pia. Tupe betri na inveta ya kushikilia beseni moja lisipoe. Betri tu, Mheshimiwa. Keshokutwa tunaloweka vipande vipya, na hesabu inaanza saa sifuri.