Salma, kabla hujaanza kuruka na abiria

Shosti Salma,

Mambo vipi, mzima? Mama hajambo? Mi huku niko poa kabisa, meseji yako niliikuta usiku nimetoka kazini, nimeisoma nikiwa bado na viatu mlangoni, ati simuleta, ile mashine ya kuigiza kuruka, umemaliza, zile kutua za ndege tupu umemaliza, na wiki ijayo unaanza safari zenye abiria kama rubani msaidizi chini ya kepteni mkufunzi. Nimefurahi jamani. Mtu aliyekuona enzi zile uko benki unajinyima kila kitu ili ulipie masaa ya kuruka ndo anajua hii habari ina uzito gani. Hongera sana, Mungu akutangulie.

Umeniambia nikwambie ukweli nisikufiche, ni nini cha kuogopa. Nikaona kwa simu tutaishia kucheka tu, bora nikuandikie usome ukiwa umetulia.

Nianze na hao abiria wenyewe maana najua ndo wanakunyima usingizi. Kwenye ATR, hizi ndege zetu za pangaboi, mlango wa abiria si uko nyuma, kwa hiyo ukitoka kukagua ndege nje inabidi upite katikati ya viti vyote mpaka mbele, na kama wameshaanza kupanda basi unapita huku watu 60, 70 wanakutolea macho. Tena wataangalia kweli. Kuna bibi atakushika mkono akuulize mwanangu ndo we unatuendesha, kuna kaka atamnong'oneza mwenzie kwamba leo tunarushwa na binti. Bibi mpe shikamoo yake, tabasamu, pita, kaka achana nae. Ukishakaa kwenye kiti chako cha upande wa kulia, vyombo ni vilevile na cheklisti ni ileile uliyoisoma mpaka ukaiota. Kitu kitakachobadilika ni uzito. Ile ndege tupu mliyokuwa mnafanyia mazoezi ilikuwa nyepesi, ukigusa tu inaruka, sasa ikiwa na watu na mizigo na mafuta utaona inapanda taratibu na kwenye kutua haielei vile ulivyozoea, usishtuke ukadhani mkono wako umeharibika.

Alafu safari za mwanzo mtakuwa watatu mbele, kuna rubani mwingine atakaa kwenye kile kiti cha nyuma yenu. Wengi wanamchukulia kama msimamizi wa mtihani, hapana, yule yupo ili kepteni akipatwa na chochote kuwe na mtu aliyekamilika wa kukusaidia kuishusha ndege. Na anaona vitu ambavyo nyie wawili hamvioni. Mkitua muulize ameona nini.

Wakikupangia Dar Zanzibar siku ya kwanza usiseme afadhali safari fupi. Hiyo ndo ngumu kuliko zote na sijui kwa nini watu hawawaambii wageni. Ni kama kilomita 70 tu, dakika kumi na tano hivi hewani, lakini kazi ni ileile ya safari ya saa moja na nusu, yaani hujamaliza cheklisti ya baada ya kuruka Dar wanakwambia ongea na Zanzibar, hujakaa sawa mnaanza kushuka, huku mbele kuna vindege vidogo vya watalii vimejaa vinatoka vinaingia, na mhudumu wa nyuma anataka kujua akae lini. Mara nyingi hamfiki hata futi 10,000 kwa hiyo ile sheria ya kutopiga stori chini ya futi 10,000 inabana safari nzima. Dawa yake ni kumalizia kila kinachowezekana mkiwa bado mmepaki Dar. Hali ya hewa ya Zanzibar chukua ukiwa chini, njia ya kutua iwekeni kwenye kompyuta mkiwa chini, kepteni muombe mzungumzie kutua kwa Zanzibar kabla hata injini ya kushoto haijawashwa. Na jua mapema mtatua mkielekea wapi, maana ranwei ya Zanzibar imelala kaskazini na kusini, kaskazi ikivuma mnaingia mkielekea kaskazini, kusi ikivuma mnaingia mkielekea kusini, mabaharia wa pale wangeweza kukupangia bila kompyuta. Dar ndo tofauti, kaskazi inakuja usoni vizuri tu lakini kusi inakupiga ubavuni, kwa hiyo miezi hii ya Juni mpaka Agosti mguu wako wa usukani utafanya kazi sana.

Redio ndo itakuchosha kuliko kuendesha. Siku kepteni anaposhika ndege we ndo unaongea na mnara, unaandika, unasoma cheklisti, unaangalia anachofanya, na yule wa kule mnarani anaongea haraka maana ana ndege nyingine zinamsubiri. Weka kikaratasi gotini, kila namba wanayokupa iandike hapohapo usiiamini akili. Na kama hujasikia vizuri mwambie arudie, ata mara mbili, usiwahi kukisia namba ya futi Salma, usiwahi.

Nje kwenye ukaguzi tembea peke yako na usiongee na simu. Ile fimbo ya kushikilia mkia wakati wa kupandisha watu ihakikishe kwa macho yako imetolewa, najua kuna mtu wa chini kazi yake ni hiyo lakini we iangalie tu, maana watu wanapandia nyuma na bila ile fimbo mkia unaweza kukaa chini, na ikisahaulika mkaanza kuondoka nayo ni balaa lingine. Kama injini ya kulia inawaka pangaboi likiwa limefungwa breki, ile tunayoitumia kutupa umeme na hewa tukiwa tumepaki, usijisahau ukapita nyuma yake, moshi wake ni moto na kelele zake zinakufanya usisikie gari la mizigo linalorudi nyuma.

Sasa kutua. Kutua kwako kwa wiki za mwanzo kutakuwa kuzuri, alafu kutaharibika, alafu kutarudi. Nimeona kwa karibu kila mtu niliyekaa nae, sijui ni kichwa kinakuwa kimejaa au ni nini, ila inatokea kwa hiyo ikikufika usiende kulia chooni. Mwanza utaona ardhi inakimbia kuliko Dar japo spidi kwenye kioo ni ileile, ni kwa sababu Mwanza iko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, kioo kinakuonyesha noti 110, yaani maili za baharini kwa saa, lakini juu ya ardhi unaenda karibu na 118 hata pasipo upepo. Dodoma hivohivo. Usivute kupunguza kwa sababu macho yanakudanganya, fuata kioo. Na lile ziwa lina tabia yake, mchana mvua za radi zinakaa nchi kavu, usiku zinahamia juu ya maji mpaka alfajiri, kwa hiyo ile ndege ya asubuhi kabisa ya kwenda Mwanza ndo inayokutana nazo na we utakuwa umeamka saa tisa usiku, lala mapema tafadhali.

Usitafute kutua kwa kubembeleza ili abiria wapige makofi. Ranwei ikiwa imelowa iweke chini, igonge kidogo, tairi zishike lami, mahali panapotakiwa. Abiria akilalamika kwamba binti ametubamiza mwache alalamike akiwa kwenye teksi anaelekea kwake.

Hapa ndo nataka unisikilize kuliko pote. Sie tumelelewa kutomkatiza mtu mzima. Kepteni wako anaweza kuwa na umri wa baba yako, amerusha ndege toka we uko chekechea, na we umemkuta asubuhi umempa shikamoo na kumpokea begi. Ni sawa kabisa, heshima hiyo usiiache. Ila mkishafunga mikanda kuna vitu lazima umwambie usoni tena kwa sauti. Nakaa kushoto sasa hivi, kiti cha kepteni, na nakwambia kama ninavyowaambia wote wanaokaa na mi, msaidizi anayenyamaza ananitisha kuliko mvua. Na jinsi ya kusema ni muhimu, maana tuna ile yetu ya kuzungusha, "samahani kepteni naona kama vile spidi hivi, au macho yangu". Mpaka umalize hiyo sentensi ndege imeshuka futi mia. Sema "spidi, kumi chini". Sema "tuko juu sana". Namba na kitu, basi. Asipojibu sema tena. Asipojibu mara ya pili sema tusitue, tupande, na utaratibu wa kampuni yako utakuwa umeandika ni lini unashika mwenyewe, huo ukurasa usome mpaka uujue bila kuangalia.

Unaikumbuka ile ndege ya Boeing 737 ya Kenya Airways iliyoanguka Douala, Kameruni, Mei 2007? Waliondoka usiku wa manane kwenye mvua ya radi kurudi Nairobi, watu 114, hakupona hata mmoja. Kepteni alikuwa na miaka 52, msaidizi wake 23. Waliruka bila hata ruhusa ya mnara. Ndege ilianza kulalia kulia taratibu gizani, nje hakuna kitu cha kuangalia, na ripoti iliyotoka 2010 ukiisoma inaelezea marubani wawili ambao hawakufanya kazi kwa pamoja, hakuna aliyekuwa anafuatilia vyombo inavyotakiwa. Kengele ilipolia yule kijana alikuja kumwambia kushoto, kushoto, ila ilikuwa imechelewa mno. Chini ya dakika mbili toka wanyanyuke. Huwa namfikiria sana yule kijana. Miaka 23. Sijui alikaa na hilo neno mdomoni kwa muda gani, na inaniuma kila nikimpata msaidizi mpya mwenye adabu nyingi anayeitika ndio kepteni, ndio kepteni, safari nzima.

Masika iliyopita nilikuwa na kijana mmoja mpole sana, hata sauti yake huisikii vizuri bila hedfoni. Tunaingia Zanzibar, mi ndo nimeshika, ranwei tunaiona, kila kitu kimekaa sawa, tumepita futi 500 akasema imetulia. Futi kama 300 hivi mvua ikafunika mwanzo wa ranwei kama mtu kavuta pazia, na upepo ukageuka hapohapo, sindano ya spidi ikaanza kucheza. Sikuwa nimefungua mdomo, yule kijana akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "haijatulia, tupande". Nikasukuma nguvu tukapanda. Tukazunguka baharini upande wa magharibi, mvua ikasogea, tukatua vizuri kabisa. Nilimwambia mbele ya wahudumu wote kwamba hiyo ndo kazi, na kwenye ripoti nikaandika hivohivo. Hakuna mtu aliyetuuliza kwa nini mmetumia mafuta zaidi, na wakikuuliza waambie waje kuniuliza mi.

Mashirika mengi yameweka mpaka, futi 1,000 kama mko mawinguni, 500 kama mnaona ardhi, hapo kila kitu kiwe kimekaa, spidi, matairi, flapsi za mabawa, mstari, la sivyo mnapanda. Ujue na kwamba tangazo kwa abiria baada ya kughairi kutua mnalifanya mkishakuwa juu na mmetulia, sio katikati ya kazi. Sentensi tatu zinatosha, Kiswahili kwanza, tumeghairi kutua kwa sababu ya mvua, kila kitu kiko salama, tutatua baada ya dakika kadhaa. Watu wanaogopa kimya chenu kuliko mvua yenyewe.

Kitu kidogo, mkienda KIA, uwanja wa Kilimanjaro, kutokea Dar mlima utakuwa upande wako wa kulia, asubuhi isiyo na wingu unauona wote mpaka theluji. Utangazie abiria mkiwa bado juu mnakwenda, wanapenda sana, na we uangalie pia maana umeupigania. Mkianza kushuka ndo uuache, kati ya Meru na Kilimanjaro pale macho yanatakiwa ndani.

Kila jioni kepteni atakuandikia maoni, mengine yatakuwa makali. Muulize hapohapo angefanyaje yeye, alafu andika kwenye daftari lako kwa maneno yako, na ukishaandika funga daftari ule, ulale. Usikae usiku kucha kwenye grupu la marubani kusoma stori za watu.

Wakishakupa rosta nitumie picha yake. Alhamisi nalala Mwanza, kama na we utakuwa huko tukale samaki, na kama mtakutana na yule kijana mpole niliyekwambia muulize kuhusu ile siku, atakueleza vizuri kuliko mi. Mama nisalimie sana, mwambie akipanda ndege yako akae siti za nyuma kule karibu na mlango, pangaboi liko mbali kidogo na kelele zinapungua.

Wako,
Rehema