Shukrani kwa muuguzi aliyemtuliza mama

Dada muuguzi, jina lako sikulipata, lakini shukrani zangu zikufikie popote ulipo. Mama alikuwa akizirai kwa sababu kifundo cha sainasi, kile kinachoanzisha mapigo ya moyo, kilikuwa kimechoka na moyo ukawa unasitasita. Aliposikia atawekewa kifaa cha kuratibu mapigo aligoma kabisa, akidhani atapasuliwa kifua kizima. Ukaketi kando yake ukamweleza taratibu: ganzi ya sehemu ile tu, mkato mdogo chini ya mtulinga, waya unapitishwa ndani ya mshipa hadi moyoni. Hata habari ya kutoinua mkono wa upande ule juu ya bega kwa wiki kadhaa ulimweleza wewe, nayo ilitufaa sana nyumbani. Sasa hazirai tena, na katika kila sala anakutaja. Mungu akuzidishie, dada.