Masharti ya mkopo wa reli ya Mtwara yawekwe wazi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo moja kuhusu mpango wa reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay kwa ubia wa Serikali na sekta binafsi. Tunajadili sana njia na mkandarasi. Masharti ya wakopeshaji hayatajwi, na ndiyo yatakayoamua nani alipe mambo yakienda kombo.

Katika miradi ya namna hii benki hutegemea mapato ya mradi wenyewe, hivyo huweka uwiano: fedha inayobaki baada ya gharama za uendeshaji hugawanywa kwa marejesho ya mkopo ya kipindi hicho. Ukiwekwa 1.3, kila shilingi 100 ya marejesho lazima iwe na shilingi 130 nyuma yake. Ukishuka, wenye hisa huzuiwa gawio. Ukizidi kushuka, benki inaweza kuchukua usimamizi. Ulinzi huo siupingi, maana unatukinga hata sisi dhidi ya makadirio yaliyopambwa. Ninachohofia ni dhamana ya Serikali kuziba kila pengo, kwani hapo hasara humrudia mlipakodi. Na mizigo yetu haitabiriki: korosho ina msimu, makaa ya mawe ya Ruvuma yanafuata bei ya dunia.

Naiomba Wizara ya Fedha, kabla ya kusaini, itangaze uwiano utakaokubaliwa na kikomo cha dhamana, na idai akaunti ya akiba yenye fedha za kutosha kulipa marejesho ya angalau miezi 6. Wabunge wa Mtwara, Lindi na Ruvuma waulize takwimu hizo bungeni.

Mkazi wa Mikindani, Mtwara