Kuchemsha maji hakutoshi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenzangu tunaoishi Marekani. Tumelelewa tukijua kuwa maji yakishachemka ni salama. Kwa kipindupindu, sawa. Kwa PFAS, sivyo. Kemikali hizi, zilizotumika kwenye vikaango visivyogandisha chakula na povu la kuzimia moto, haziondoki kwa moto wa jiko. Ukichemsha sana, maji ndiyo yanayopungua. Zenyewe zinabaki humo humo kwenye sufuria.

Kati ya 2023 na 2025, EPA, shirika la mazingira la serikali kuu, liliagiza mifumo ya maji ya umma inayohudumia watu 3,300 au zaidi ipimwe aina 29 za PFAS. Aprili 2024 likaweka kikomo cha nanogramu 4 (nanogramu ni sehemu moja ya bilioni ya gramu) kwa lita kwa PFOA, na hicho hicho kwa PFOS, ambazo ni aina mbili za PFAS. Mwaka uliofuata likatangaza nia ya kusogeza muda wa kutimiza sharti hilo kutoka 2029 hadi 2031. Miaka miwili! Mama anayekoroga maziwa ya mtoto kwa maji ya bomba anafanyaje?

Tudai matokeo ya vipimo. Mamlaka ya maji inatakiwa kuwapa wateja ripoti ya ubora kila mwaka, kabla ya Julai 1. Tuisome, au tumpe kijana wa nyumbani atusomee.

Wenye visima binafsi ndio walioachwa kabisa. Vipimo hivyo vya EPA haviwahusu, na kwa kawaida gharama ya maabara ni yao wenyewe. Hapo ndipo ninapoona dhuluma.

Msomaji wako,
Minnesota