Tusingoje giza ndipo tutafute kandili

Mhariri,

Mimi ni fundi cherehani, Unguja. Umeme unaotoka Bara kwa waya wa baharini ulipokatika Desemba 2009, ulirudi Machi 2010. Miezi mitatu! Pampu zikasimama, maji ya bomba yakawa hadithi. Wenzangu wenye cherehani za umeme walikaa barazani wakisukuma bao. Mimi nilikuwa na ya miguu, kuukuu ya marehemu mama, na sare za shule nilishona hadi usiku kwa kandili.

Waya mpya ulizinduliwa 2013, tukasahau.

Kisha Mei 2024 nyaya mbili za intaneti zilikatika baharini, upande wa kusini huko. Mteja kasimama na gauni mkononi, pesa zake zote ziko kwenye simu, na muamala hauendi. Nilimpa gauni akaenda zake. Lakini muuza duka la dawa angefanya hivyo kwa mtu asiyemjua?

Sisemi tuhame kwenye simu, mimi mwenyewe nalipwa humo. Naomba tu kila sheha awe na daftari la karatasi: nani ana kisima, nani ana jenereta, mgonjwa gani anategemea dawa inayohifadhiwa kwenye friji. Na kila nyumba iweke taslimu ya siku tatu, redio ya betri na namba muhimu zilizoandikwa. Za wanangu nimezibandika nyuma ya mlango, maana nilipojaribu kuzitaja kwa kichwa niliikumbuka moja tu.

Fundi cherehani,
Unguja